Mlango Ukigoma, Usikimbilie Randa

Makala haya nimeyaandika juu ya ugonjwa wa milango. Nasema ugonjwa kwa sababu mlango, kama mtu, huonyesha dalili kabla haujalala kitandani. Hulia, hukwaruza sakafu, hugoma asubuhi ukakubali jioni. Mwenye kuzijua dalili hizo atautibu kwa pesa kidogo. Asiyezijua ataung'oa, na ukishang'olewa huo haurudi.

Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale hapa kisiwani Mombasa, na milango ninayoizungumzia hasa ni ile mikubwa ya mbao ya nyumba zetu za mawe. Mwishoni nitaugusia pia mlango wa chuma wa banda la gari, kwa ajili ya wenzangu wa Kizingo, Ganjoni na Tudor. Njia ya kuuchunguza ni ile ile, ila hatari zake ni nyingine.

VIUNGO VYA MLANGO

Daktari hawezi kutibu mwili ambao hajui viungo vyake. Basi tuanze na majina, maana sisi ni Chama cha Kiswahili na majina ndiyo mali yetu.

Mlango wa kale una fremu. Nguzo mbili zilizosimama kulia na kushoto huitwa miimo. Moja ni mwimo. Juu kuna kizingiti cha juu, na chini, pale unapovuka kwa mguu, kizingiti cha chini. Ndani ya fremu kuna mbao mbili zinazofungukia ndani ya nyumba. Wazee huuita ubao mmoja dume na wa pili jike. Katikati husimama mti uliochongwa unaoziba mwanya baina ya mbao hizo. Huo ndio mfaa. Mfaa haujitegemei, umepigiliwa kwenye ubao mmoja na kuulalia wa pili kwa nje. Kwa hiyo ubao usio na mfaa ndio unaofunguliwa kwanza, na ndio unaofungwa mwisho. Wageni wengi huhangaika hapo, wakasukuma ubao wenye mfaa na kusema ati mlango umeharibika. Mlango mzima kabisa!

Kwa kufungia kuna komeo au pingo kwa ndani, na kwa nje kuna mnyororo unaotiwa kwenye tumbuu, kisha kufuli.

Jambo kubwa ni hili: mingi ya milango hii ya zamani haina bawaba. Kila ubao umeachiwa ncha mbili kwenye ukingo wake, moja juu na moja chini. Ncha ya juu huingia katika tundu la kizingiti cha juu, na ya chini katika tundu la kizingiti cha chini, na mlango huzunguka humo. Uzito wote hukaa juu ya ncha ya chini. Hebu tupige hesabu. Ubao wa urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 5 una mita za ujazo 0.06. Msaji mkavu una uzito wa kama kilo 650 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo ubao huo ni kama kilo 39, bila nakshi za shaba wala mfaa. Kilo hizo zimekalia ncha ndogo ya mti, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi.

Ufundi huu si wa jana. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao ya Kilwa kwa uchongaji wake. Msaji uliletwa kwa majahazi kutoka ng'ambo ya bahari, na mafundi wa pwani walitumia pia miti yetu kama mvule, mbambakofi na mfenesi.

DALILI YA KWANZA: MLANGO UNAOGOMA WAKATI WA MVUA

Mbao ni kitu kilichokufa ambacho bado hunywa maji. Ndani yake mna vijumba vidogo vidogo mno, na kuta za vijumba hivyo hunyonya unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na maji mengi, mbao hutanuka, ikikauka, hunywea. Lakini hautanuki sawasawa. Kwa upana ubao hutanuka sana, na kwa urefu wake karibu hautanuki kabisa.

Masika yetu huanza mwezi wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Tuseme ubao wetu wa sentimita 60 umetanuka kwa asilimia moja tu. Hizo ni milimita 6. Mbao mbili ni milimita 12. Mwanya uliokuwapo baina yao huenda haufiki hata nusu ya hapo, basi mlango lazima ukwame.

Utaijuaje dalili hii? Tazama unakwama wapi. Ukisugua mbavuni au kwenye mfaa, na hausugui juu wala chini, na shida imeanza na mvua, ni unyevu. Dawa yake ya kwanza ni subira. Usiupige randa mwezi wa Mei. Ukiupunguza wakati umetanuka, utakapofika Januari na kaskazi inavuma, utapata mwanya wa kupitisha panya. Subiri ukauke, kisha uupake mafuta ya mbao pande zote, hasa kwenye kingo na kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko unakokunywa maji zaidi. Mtu akiupaka rangi mbele tu kwa sababu ndiko kunakoonekana, nyuma huendelea kunywa, na ubao hupinda.

DALILI YA PILI: MLANGO UNAOKWARUZA SAKAFU

Hapa inama utazame chini. Mlango unaokwaruza huchora upinde sakafuni, na upinde huo ni maandishi, usome. Ukiwa umekwaruza upana wote wa ubao, kuanzia karibu na ncha hadi mwisho, ubao mzima umeshuka. Maana yake ncha ya chini imelika, au tundu lake limezama. Ukiwa umekwaruza mwishoni tu, mbali na ncha, basi ubao umeinama. Hapo chini hapana makosa. Tundu la juu ndilo lililopanuka, na ubao umeegemea mbele kama mtu aliyesinzia.

Magonjwa haya mawili yanafanana ukiyatazama kwa mbali, lakini dawa zake ni mbalimbali. La kwanza hutibiwa kwa kuunyanyua ubao taratibu kwa kabari, watu wawili au watatu wakiushika, kisha kutia kipande cha mti mgumu au kisahani cha shaba ndani ya tundu la chini. La pili hutibiwa kwa kuziba tundu la juu kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa barabara, kisha kulitoboa upya kwa kipimo chake. Kukata ubao kwa chini hakutibu lolote katika hayo mawili. Ncha itaendelea kulika, na mwaka ujao utakata tena.

Kwa nini shaba, na si chuma? Kisiwa chetu kimezungukwa na maji ya chumvi, upande huu mkono wa bahari wa Tudor na upande ule Kilindini. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo msumari wa chuma ukipata kutu ndani ya mbao huvimba, na mbao hupasuka. Ukiona ufa mdogo unaoanzia penye msumari, na doa jeusi pembeni, umeshampata mkosa.

DALILI YA TATU: MLANGO MZIMA, NYUMBA MGONJWA

Dalili hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Usiku mmoja wa masika mlango wa nyumba yetu ulikataa kabisa kufunguka, na nyanya yangu alikuwa ndani peke yake. Majirani walikusanyika, kijana mmoja akaleta shoka. Nyanya akapiga kelele kutoka ndani: "Msiuvunje! Mimi niko salama, nyie pitieni uani!" Kweli akatolewa kwa mlango mdogo wa uani, akaketi barazani kwa jirani na kunywa kahawa kama kwamba hapana lililotokea.

Kesho yake asubuhi, kabla hata hatujapata fundi, alikuja mtu anayenunua vitu vya kale. Akamwambia ami yangu, "Mzee, mlango huu umekwisha. Nitakuwekea wa chuma, mpya, na pesa juu. Huu nauchukua mimi." Ami alitaka kukubali. Wallahi, sikumlaumu, mtu mzima amefungiwa ndani usiku, kungetokea moto je? Lakini nyanya akasema neno moja tu: "Mlango huu niliingia nao harusini. Mwiteni fundi kwanza, kisha muuze."

Fundi alikuja na mfuko mdogo. Mimi nilitarajia kuona randa na msumeno. Akatoa uzi, chaki na timazi. Nikamwuliza, "Fundi, randa yako iko wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, randa haina marudio. Shika uzi huu pembeni hapo."

Alichofanya ni hesabu tunayofundishwa darasani. Fremu ya mlango ni mstatili, na mstatili una mishazari miwili inayolingana. Fremu ya upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 200, kwa kanuni ya Pithagorasi, ina mshazari wa kama sentimita 233, ukipima huku au kule. Fundi alivuta uzi kutoka pembe ya juu kulia hadi pembe ya chini kushoto, akatia alama ya chaki. Kisha akauvuta uzi ule ule kwa pembe nyingine. Haukufika kwenye alama; ulipungua kwa zaidi ya upana wa vidole viwili. Akatundika timazi kwenye miimo. Mwimo wa kushoto ulikuwa wima. Wa kulia ulikuwa umeinama.

"Sasa waona," akasema. "Mlango hauna makosa. Ukuta ndio unaokwenda."

Tukatoka nje kutazama. Juu ya paa, mlizamu uliokuwa ukitoa maji ya mvua mbali na nyumba ulikuwa umevunjika, na maji yote yalikuwa yakitiririka ukutani, karibu kabisa na mwimo wa kulia. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinastahimili mengi, lakini maji yakiingia mahali pamoja siku zote, chokaa hulegea na mawe huanza kushuka. Kwetu palikuwa pamepakwa saruji vilevile, na saruji huyafungia maji ndani, wakati chokaa huruhusu ukuta kupumua. Kumbe mlango wetu ulikuwa ukituambia habari ya ukuta tangu Aprili, nasi tukiusukuma kwa mabega!

Kazi ilikuwa hivi: mlizamu ulitengenezwa kwanza, siku ile ile. Ukuta ukaegemezwa kwa magogo. Saruji ikabanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke hadi mvua zilipopungua, kisha ukajengwa upya kwa chokaa, na mwimo ukarudishwa mahali pake kwa kabari. Mlango wenyewe haukukatwa hata chembe. Leo nyanya huufungua kwa mkono mmoja. Na lau tungeliuza mlango tukatia wa chuma, ule wa chuma nao ungelikwama masika yaliyofuata, na ukuta huenda ungelimwangukia mtu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ulijificha, mlango ukausema.

UTARATIBU WA KUCHUNGUZA

Kwa yale niliyoyaona kwa fundi yule, mtu afuate utaratibu huu, akianza na jambo rahisi lisilo gharama:

1. Uliza shida imeanza lini. Imekuja na mvua, baada ya ujenzi wa jirani, au polepole kwa miaka?

2. Safisha. Toa mchanga kwenye matundu ya ncha na kwenye kizingiti. Mara nyingi kijiwe kimoja ndicho kinachosumbua nyumba nzima.

3. Paka chaki kwenye ukingo wa ubao, ufunge na kuufungua. Chaki itafutika pale tu panaposugua. Hapo umejua mahali, hubahatishi.

4. Soma upinde wa sakafuni, kama nilivyoeleza.

5. Pima mishazari kwa uzi, na miimo kwa timazi. Mishazari ikitofautiana, acha mlango, tazama ukuta, paa na maji.

6. Gongagonga mbao kwa kifundo cha kidole, hasa chini karibu na kizingiti. Mahali pazima hutoa sauti nzito. Palipoliwa na mchwa husikika patupu. Ncha ya kisu ikizama bila nguvu, mchwa wamefika. Watibiwe kwanza, mti mpya utiwe baadaye.

7. Mwisho kabisa, kama yote hayo hayakuonyesha kitu na mlango bado unasugua katika kiangazi, ndipo randa iitwe, tena kidogo kidogo.

Na kama ni kufuli au komeo linalokataa, kabla hujalipiga nyundo, nyanyua ubao kidogo kwa mkono ujaribu tena. Likiingia, komeo ni zima. Ubao ndio ulioshuka.

SHERIA INASEMAJE

Wengi hawajui kwamba milango hii imetajwa katika sheria za nchi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kitu kama hicho hakitolewi nje ya Kenya bila kibali. Kwa hiyo mtu akikujia na kusema mlango wako "umekwisha" kisha akataka kuununua, jiulize: kama umekwisha, yeye anautakia nini?

Sisemi kwamba kila mwenye nyumba aliyeuza alikuwa mjinga. Mbao ni ghali, na fundi anayejua kuchonga ncha hapatikani kila mtaa. Nasema tu kwamba uzi na chaki havina gharama kubwa. Mtu apime kwanza, kisha aamue akijua anachokiamua.

NA MLANGO WA BANDA LA GARI?

Mlango wa chuma unaojiviringisha juu, kama wa maduka mengi na wa mabanda ya gari, hubebwa na springi. Springi hukazwa mlango unaposhuka, ikaweka nguvu. Mlango unapopanda, huitoa nguvu hiyo kukusaidia. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuinua mlango mzito kuliko yeye mwenyewe.

Dalili zake ni hizi. Ukiwa mzito ghafla, springi imekatika. Ukizidi uzito polepole, springi imechoka. Mlango uliosawazishwa vizuri, ukiachwa nusu ya njia, hukaa papo hapo au huteremka taratibu. Ukianguka kwa kishindo, una hatari. Usisimame chini yake, wala usiruhusu watoto wapite. Ukienda upande, tazama reli za pembeni, huenda gari limezigonga na kuzipinda. Ukilia na kukwama, ni chumvi na kutu. Uoshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi au ya mfereji, uukaushe, utie mafuta kidogo.

Hayo waweza kuyafanya mwenyewe. Springi usiiguse. Ina nguvu iliyofungwa, na ikiachiliwa vibaya yaweza kuvunja mkono au kuua. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake. Na kama mlango unaendeshwa kwa mota, zima umeme kabla ya kutia mkono popote. Siku umeme unapokatika, kile kikamba cha kuuachanisha mlango na mota kivutwe wakati mlango uko chini. Ukikivuta uko juu na springi imekatika, utashuka na yeyote aliye chini yake.

OMBI LANGU

Wanachama wenzangu, nina ombi moja. Likizo hii kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kwao majina ya viungo vya mlango wao, ayaandike kama anavyoyasikia. Wa Lamu watuletee ya Lamu, wa Vanga ya Vanga, na wa bara watuletee ya nyumba zao. Sisi darasani tunasema "mlango" na "fremu", tunamaliza. Mfaa, mwimo na tumbuu hatuyasikii, na mlango ukishauzwa hata anayeyajua hana pa kuyaonyesha kwa kidole.

Na yule ambaye mlango wao umeanza kulia masika haya, asinicheke. Achukue uzi, apime mishazari. Hapa natia komeo.